Kanola si Kabeji: Hesabu Wadudu Kabla ya Kubeba Bomba

Wakulima wengi wa Njoro, Rongai, Molo na Mau Narok wanaijua kanola kwa macho, hata wale ambao hawajaipanda. Inapochanua, shamba zima huwa la manjano, na mtu aliye barabarani huliona kutoka mbali katikati ya ngano na shayiri. Kwa muda mrefu zao hili lilikuwa la wenye mashamba makubwa na mashine zao. Lakini mwenye eka tano au kumi katika skimu naye aweza kulipanda, hasa akishirikiana na majirani kukodi trekta na mashine ya kuvuna, kwa maana soko la mbegu za mafuta lipo, na ngano iliyopandwa baada ya kanola hukua vizuri zaidi kuliko ngano iliyopandwa juu ya ngano.

Shida huanza msimu wa kwanza. Mkulima aliyezoea kabeji na sukuma wiki huingia katika kanola yake asubuhi, akaona majani yametoboka kama chujio. Moyo humdunda. Mara moja hukimbia dukani kununua dawa, hubeba bomba lake la lita 20, na kabla ya saa sita mchana amekwisha piga dawa eka nzima. Juma la pili huona matundu tena, akapiga tena. Wakati wa kuvuna ukifika, fedha ya mavuno imekwisha kuliwa na duka la dawa, wala si na wadudu.

Makala haya ni kwa ajili ya mkulima huyo. Hatusemi kwamba wadudu wa kanola si hatari. Wako wawili walio hatari kweli, na tutawaeleza. Lakini mwenye kanola hana budi ajifunze kuitazama kwa jicho lingine, si lile alilotumia katika bustani ya kabeji.

Ukoo mmoja, hesabu mbili

Kanola ni ya ukoo wa kabeji. Ndugu zake ni sukuma wiki, koliflawa, figili na haradali. Zamani mmea huu ulikuwa na kasoro: mafuta yake yalikuwa na asidi isiyofaa kwa chakula cha watu, na mashudu yake yalikuwa makali kwa mifugo. Wataalamu wa Kanada wakachagua na kuzalisha mbegu mpya zisizokuwa na makali hayo, na mwaka 1978 wakazipa jina la kanola, linalotokana na jina la nchi yao. Mbegu hizo ni ndogo sana, lakini karibu asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta, na kinachobaki baada ya kukamua ni mashudu mazuri kwa ng'ombe wa maziwa.

Kwa kuwa ni ndugu, adui zao ni wale wale. Mdudu aliyekula sukuma wiki ya mama jana, leo aweza kuruka ua na kuingia katika kanola ya baba. Hapo ndipo wengi wanapodhani kwamba na matibabu ni yale yale. Sivyo.

Katika kabeji unauza jani. Jani likitobolewa, mnunuzi wa soko la Nakuru ataligeuza mara moja, atacheka, na kutaja bei ya nusu. Kwa hiyo mwenye kabeji ana sababu ya kuogopa tundu moja. Katika kanola hakuna mtu anunuaye jani. Unauza mbegu, na mbegu hutoka katika maua na maganda. Mmea wa kanola uliokwisha kushika ardhi una majani mengi kuliko unavyohitaji, na ukipoteza sehemu yake huchipua matawi mengine ubavuni. Basi majani yaliyotoboka katika kanola ya wiki nane si msiba. Yaangalie, yaandike katika daftari lako, kisha uendelee kutembea.

Jambo la kuangalia ni mahali mdudu alipo na umri wa mmea. Mara mbili tu katika maisha yake ndipo kanola inapokuwa dhaifu kweli mbele ya wadudu: ikiwa ndogo, na ikiwa na vitumba, maua na maganda machanga.

Ikiwa ndogo

Mche wa kanola ukiota una majani mawili tu ya kwanza, na sehemu ya kukulia iko katikati yake, juu ya ardhi. Mdudu akikata hapo, mche umekufa, hauchipui tena. Kwa hiyo katika majuma manne ya kwanza mkulima yampasa atembee shambani angalau mara mbili kwa juma, asubuhi au jioni.

Ukiona miche imelala chini imekatwa kama kwa makasi, fukua udongo kidogo kwa kidole karibu na shina. Mara nyingi utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja. Huyo hula usiku na kujificha mchana, na hupenda mashamba yaliyokuwa na magugu mengi kabla ya kupanda. Dawa bora juu yake ni kazi ya mapema: lima na uondoe magugu majuma mawili au matatu kabla ya mbegu kuingia ardhini, ili viwavi wafe kwa njaa. Katika sehemu za chini zenye joto na ukavu, kuna pia kunguni mdogo mweusi mwenye madoa ya rangi ya machungwa, ambaye hufyonza miche hadi ikanyauka. Huyo hutokea zaidi ukame ukishika.

Mkulima aliyepanda mapema na mvua, katika udongo uliolainishwa vizuri, mbegu zikaota kwa pamoja, ameshinda nusu ya vita hivi bila kununua kitu. Mbegu ya kanola ni ndogo kama ya sukuma wiki, na ukiifukia chini sana itatoka imechoka, na wadudu hupenda mche uliochoka.

Vidukari katika maua

Adui wa kwanza wa wakati wa maua ni kidukari. Yule aletaye hasara mara nyingi ni kidukari wa kabeji, wa rangi ya kijivu, aliyefunikwa na unga kama wa ngano. Hukaa kwa makundi yaliyobanana penye ncha ya shina la maua, akafyonza maji ya mmea mpaka maua yakauka na maganda yakatoka membamba, yamepinda, bila mbegu.

Mtu ambaye hajamchunguza huyu mdudu atashangaa jinsi anavyozaana upesi. Katika nchi zetu zisizo na theluji, jike halihitaji dume wala halitagi mayai. Huzaa watoto walio hai, na watoto hao nao kwa siku chache huanza kuzaa. Kundi likibanana mno, baadhi huota mabawa na kupelekwa na upepo kwenda shamba jingine. Ndiyo sababu leo waweza kukuta kundi moja pembeni mwa shamba, na baada ya majuma mawili ya jua ukakuta makundi kila mahali. Na ndiyo sababu mvua kubwa ya saa moja, ile inayoteremka kutoka Mau ikiwa na mawe, mara nyingine hukufanyia kazi kuliko bomba: huwaangusha na kuwaua kwa maelfu.

Usiidharau hiyo mvua. Mkulima aliyepiga dawa siku moja kabla ya mvua kama hiyo amelipa mara mbili.

Jinsi ya kuhesabu

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Inahitaji kalamu, daftari, na muda wa saa moja kila juma.

Ingia shambani kwa njia ya kukata pembe, usitembee pembeni tu, kwa sababu vidukari huanza pembeni na mwenye kuangalia pembeni hudhani shamba zima limejaa. Simama mahali kumi palipo mbali mbali. Kila mahali tazama mimea kumi, bila kuchagua ile mizuri wala ile mibaya. Jumla ni mimea mia moja. Tazama ncha ya shina la maua tu. Kila mmea wenye kundi la vidukari penye ncha, weka alama moja. Ukimaliza, alama zako ndizo asilimia.

Huko Australia, ambako kanola hulimwa kwa mamilioni ya eka, wakulima hushauriwa wafikirie kupiga dawa pale tu mimea ipatayo 20 katika mia inapokuwa na makundi wakati wa maua. Chini ya hapo, gharama hairudi. Nasi twaweza kuanza na kiasi hicho hicho, tukikirekebisha kwa jinsi shamba lilivyo: mmea ulioteswa na kiu huumizwa upesi kuliko mmea ulioshiba mvua.

Unapohesabu, hesabu na rafiki zako pia. Katikati ya kundi la vidukari utaona wengine wamevimba, wamekuwa rangi ya kahawia, wakavu kama punje ya mtama. Hao wamekwisha kufa. Ndani ya kila mmoja kuna mtoto wa nyigu mdogo sana, mdogo kuliko sisimizi, aliyewekwa humo na mama yake, naye atatoka na kutafuta vidukari wengine. Utaona pia mdudu wa mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, na mtoto wake mwenye umbo kama mamba mdogo mweusi. Huyo mtoto watu wengi humwua wakidhani ni adui, kumbe hula vidukari kutwa nzima. Tena kuna nzi mwenye mistari ya manjano aelelaye hewani juu ya maua bila kusogea. Kiwavi wake hana miguu, naye pia ni mla vidukari. Ikiwa hesabu yako ni 15 juma hili na 12 juma lijalo, na waliokauka wanaongezeka, jeshi lako linashinda. Kaa nyumbani.

Kisha piga hesabu ya fedha. Chukua bei ya dawa ya eka moja, ongeza ujira wa kibarua na gharama ya kuteka maji, ugawanye kwa bei ya kilo moja ya kanola. Tuseme kwa mfano kwamba gharama zote ni shilingi 3,000, na mnunuzi hutoa shilingi 60 kwa kilo. Jibu ni kilo 50. Basi jiulize: je, vidukari hawa niwaonao watakula zaidi ya kilo 50 katika eka hii? Kumbuka pia kwamba kanola iliyochanua hufika kifuani, na mtu apitaye ndani yake na bomba mgongoni huvunja matawi mengi. Hayo nayo ni mavuno yaliyopotea. Na maganda yakisha kukomaa na kuanza kugeuka rangi, dawa haina faida tena hata wadudu wawe wengi namna gani, kwani mbegu imekwisha kujaa.

Nondo aliyeishinda DDT

Adui wa pili ni nondo mdogo wa kijivu, urefu wake hauzidi ukucha wa kidole kidogo. Akitulia na kukunja mabawa, mgongoni huonekana alama nyeupe zilizopangana kama vito vya almasi, na kwa sababu hiyo wengine humwita nondo mgongo-almasi. Ndiye huyo huyo asumbuaye kabeji Kinangop na sukuma wiki kila mahali.

Nondo huyu hutaga mayai mengi, moja moja au mawili matatu pamoja, juu ya majani. Kiwavi wake akiwa mchanga huchimba ndani ya jani. Akikua hula upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu, hata jani likawa kama dirisha la kioo. Kumjua ni rahisi: mguse, atajinyonganyonga kurudi nyuma, kisha ataanguka na kuning'inia kwa uzi. Viwavi wengine wa kabeji hawafanyi hivyo. Katika joto, toka yai mpaka nondo ni kama majuma matatu; katika baridi ya Molo ni zaidi.

Mdudu huyu ana sifa mbaya duniani. Mwaka 1953 ilitangazwa kutoka Java, katika nchi ya Indonesia, kwamba dawa ya DDT haimwui tena. Alikuwa wa kwanza kati ya wadudu wa mazao kujulikana kwa jambo hilo. Tangu wakati huo amezishinda dawa za namna nyingi, moja baada ya nyingine. Sababu yake si uchawi. Ukipiga dawa ile ile kila juma, viwavi wanyonge hufa, na wale wachache wenye nguvu hubaki na kuzaana. Baada ya vizazi vichache shamba lote lina watoto wa wenye nguvu. Mkulima huongeza kipimo, akachanganya dawa mbili, akachanganya tatu, na nondo huendelea kuruka. Wakati huo huo dawa hizo zimekwisha kuua nyigu na wadudu wengine wote waliokuwa wakimla nondo. Hapa Kenya DDT ilipigwa marufuku katika kilimo mwaka 1986, lakini tabia ya kupiga dawa kila juma haikupigwa marufuku, na bado iko nasi.

Kuna habari njema, nayo ilitokea katika nchi yetu wenyewe. Wataalamu wa ICIPE, kile chuo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na marehemu Profesa Thomas Odhiambo, walichunguza kabeji za nyanda za juu na kuona kwamba nyigu wa kienyeji waliua viwavi wachache mno wa nondo huyu. Wakaagiza kutoka Taiwan nyigu mwingine mdogo mweusi, jina lake la kitaalamu Diadegma semiclausum. Walimchunguza kwanza kwa uangalifu ili wahakikishe kwamba hatadhuru viumbe vingine, kisha mwaka 2002 wakamwachilia katika mashamba ya kabeji ya Werugha, katika milima ya Taita, na baadaye mwaka huo huo Tharuni, karibu na Limuru. Nyigu jike hutafuta kiwavi na kumdunga yai moja. Kiwavi huendelea kula kwa siku kadhaa kama kwamba hana habari, lakini mwishowe badala ya nondo hutoka nyigu. Katika miaka iliyofuata viwavi walipungua sana katika sehemu hizo, na nyigu akaenea kwenda mashamba ambako hakuna mtu aliyempeleka.

Nyigu huyu hupenda baridi. Joto la pwani na la nchi kame humshinda, bali nyanda zetu za Molo, Njoro, Mau Narok na Nyandarua zamfaa. Kumtambua ni jambo la kujifunza kwa dakika tano. Tafuta chini ya majani vifukofuko vya nondo vya nyuzi nyeupe. Ukiona ndani yake kiwiliwili chembamba chenye ncha, cha kijani au cha kahawia, huyo ni nondo atakayetoka. Ukiona ndani yake kidonge cha duara pande zote mbili, kigumu, hakionyeshi kitu ndani, huyo ni nyigu. Hesabu vifukofuko ishirini. Kama kumi ni vidonge, una vibarua wasiodai mshahara, na dawa kali utakayopiga leo itawaua hao kabla ya kumwua nondo.

Kwa upande wa kanola, kiwavi wa nondo si neno kubwa anapokula majani. Hatari ni pale majani yanapopungua kuelekea mwisho wa msimu naye akapanda juu kula vitumba, maua na ngozi ya kijani ya maganda. Huko Kanada hawapigi dawa kabla ya maganda mpaka wahesabu viwavi 100 hadi 150 katika mita moja ya mraba, na wakati wa maganda kiasi hicho huwa maradufu. Mkulima aliyezoea kabeji akisikia hesabu hiyo atadhani mwandishi amekosea. Hakukosea. Ng'oa mimea ya sehemu ndogo iliyopimwa, ikung'ute juu ya gunia jeupe, uhesabu walioanguka, nawe utaona jinsi viwavi wengi wanavyoweza kuishi katika kanola nzuri bila kupunguza debe la mbegu.

Nyuki

Hapa twataka tukae kidogo, maana jambo hili linasahauliwa. Maua ya kanola ni karamu ya nyuki. Kanola hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini nyuki wakiwa wengi maganda hushika vizuri zaidi na kukomaa kwa pamoja, jambo lenye thamani kwa mtu anayengoja mashine ya kukodi. Na mwenye mizinga hupata asali, ingawa asali ya kanola huganda upesi na haifai kukaa muda mrefu katika masega.

Dawa nyingi zinazoua vidukari huua na nyuki. Mtu akipiga saa nne asubuhi wakati wa jua na maua wazi, jioni yake jirani atakuta nyuki wamelundikana mbele ya mizinga wamekufa, na ugomvi wa namna hiyo katika skimu huchukua miaka kupoa. Ikiwa ni lazima kupiga wakati wa maua, piga jioni nyuki wakisha kurudi, na siku moja kabla mwarifu kila jirani mwenye mizinga ili aifunge au aihamishe.

Hesabu ikisema lazima

Ikitokea kwamba umehesabu, umepiga hesabu ya fedha, na jibu ni kwamba dawa inahitajika, basi chagua ile iuayo adui na kuwaacha rafiki kwa kadiri iwezekanavyo. Kwa viwavi wa nondo kuna dawa itokanayo na bakteria, inayoitwa Bt. Kiwavi ni lazima aile, kwa hiyo ipige viwavi wakiwa wadogo, na ipige jioni kwa kuwa jua huiharibu. Haiui nyuki wala nyigu. Vile vile haiui vidukari, na mtu asilaumu duka kwa sababu hiyo. Mwarobaini nao hupunguza viwavi na vidukari, lakini polepole.

Tusisahau pareto, zao la nyumbani. Kwa miaka mingi Kenya ilitoa pareto kuliko nchi yo yote duniani, nayo ilikaushwa katika mashamba ya Molo na Nyandarua na kuletwa kiwanda cha Nakuru. Dawa yake huwaangusha wadudu upesi na kuharibiwa na jua upesi vile vile, hata haibaki sana katika chakula. Lakini ikimpata nyuki humwua kama wengine, basi nayo ni ya jioni.

Nunua dawa iliyoandikishwa na Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, katika chombo kilichofungwa, yenye maandishi yasiyofutika. Soma ni zao gani limetajwa, na siku ngapi za kungoja kabla ya kuvuna. Majani ya ukoo wa kabeji yana nta, na maji huyateleza kama mgongo wa bata. Tumia dawa ya kunatisha kama maandishi yanavyoruhusu, na elekeza mdomo wa bomba chini ya majani. Ukipiga tena msimu huo, usirudie dawa ya kundi lile lile. Vaa viatu vya mpira, glavu na nguo ya mikono mirefu. Chupa tupu suuza mara tatu, maji hayo yatie katika bomba, kisha itoboe isije ikatekewa maji ya kunywa au kutiliwa maziwa. Na mbegu zilizopakwa dawa ya rangi zikibaki, usiwape kuku.

Sukuma wiki ya nyumbani ni jambo jingine. Hiyo huliwa leo leo. Vidukari wake waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, ng'oa majani yaliyojaa uwape ng'ombe, na bomba la kanola lisikaribie hapo kabisa.

Baada ya mavuno

Kazi ya msimu ujao huanza mashine ikisha kuondoka. Mbegu zilizomwagika huota zenyewe na mvua ya kwanza, na mimea hiyo isiyo na mwenyewe ndiyo nyumba ya vidukari na nondo wakati ambapo shamba halina kitu kingine. Hali kadhalika mashina makuukuu ya sukuma wiki yaliyoachwa kando ya nyumba kwa miaka miwili, yamerefuka kama fimbo na kubakiwa na majani matatu ya juu. Januari na Februari, nchi ikiwa kavu, wadudu hukaa katika mashina hayo na katika kabeji za kumwagilia kando ya mito, wakingoja kanola ya watu iote.

Ng'oa yote, lisha mifugo au fukia. Kisha panda ngano, shayiri, mahindi au viazi katika shamba lile, na kanola isirudi hapo mpaka misimu mitatu ipite. Kidukari wa kabeji hawezi kuishi katika ngano, na yule kidukari wa ngano aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1995 hawezi kuishi katika kanola. Wenye skimu waliopakana wakikubaliana kubadilishana mazao kwa mtindo huo, shamba la kanola la mwaka huu liwe mbali na la mwaka jana, wadudu watakuwa na safari ndefu. Afisa wa kilimo wa wadi aweza kuitisha mkutano wa namna hiyo. Mwulizeni kabla ya mvua za Machi, kwa sababu trekta zikisha kuingia shambani hakuna mtu atakayekaa kusikiliza.